Afya ya Nyumbani: Mama Ashindwapo Kukojoa

Yako magonjwa ambayo watu huyataja mbele ya wageni bila haya: homa, kikohozi, maumivu ya jino. Yako na mengine ambayo mama humficha hata mumewe. Taabu ya mkojo ni mojawapo. Juma hili twataka kuisema waziwazi, kwa heshima, kwa kuwa wahenga walinena kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tutazame pande za Kolwezi, mkoani Lualaba, penye migodi ya shaba kama ile ya Mashamba. Wako wanawake huko wanaoosha mawe ya madini mchana kutwa, miguu ikiwa majini. Mahali pasipo na choo cha kujisitiri, mama afanyeje? Asubuhi hanywi maji, ili asishikwe na haja. Akishikwa, huizuia mpaka jioni. Adhani ameihifadhi heshima yake, kumbe ameukaribisha ugonjwa.

Sababu ni hii. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, yapata sentimeta 4 tu, na vijidudu hupanda upesi. Mkojo ukikaa muda mrefu kibofuni huwa kama maji ya dimbwi: vijidudu huzaliana humo. Ndipo mama huona unaungua, na kila mara aenda chooni, lakini hutoka matone tu.

Tena yako maji yenyewe. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini, vikapenya ngozi ya mtu aliyesimama humo. Mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwagundua minyoo wake huko Misri mwaka 1851, na ndiyo maana wengi huuita ugonjwa huo bilharzia. Alama yake kubwa ni damu katika mkojo. Kwa wanawake huweza kuharibu hata viungo vya uzazi. Basi mama asijidanganye kwamba kila damu ni ya mwezi. Dawa ipo, yaitwa prazikwanteli, nayo hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa.

Yako na mambo mengine yazuiayo mkojo: mawe ya kibofu, uvimbe katika tumbo la uzazi, tumbo la uzazi lililoshuka, kufunga choo kwa siku nyingi, hata dawa nyingine zinywewazo bila shauri la mganga.

Lini basi yafaa kwenda hospitali? Mkojo ukikataa kabisa kutoka, na tumbo la chini limejaa na kuuma, usingoje kesho: mganga atapitisha mpira mwembamba, na kibofu kitapumzika. Nenda siku hiyohiyo pia ukiwa na homa na kutetemeka, maumivu ya mgongo ubavuni, au miguu iliyolegea ghafula. Mwenye mimba asingoje hata kidogo. Aliyejifungua, saa 6 zikipita bila kukojoa, amwambie mkunga. Na ukiona damu, au mkojo unaungua tu, nenda upimwe mapema.

Twawaonya pia akina mama wanaopata utungu. Mtoto akikwama muda mrefu, kichwa chake hukandamiza kibofu hata nyama ikafa, na baadaye mkojo huvuja pasipo kukoma. Hilo si laana wala uchawi. Ni jeraha, na kwa wengi laweza kushonwa. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mganga Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu wanawake wengi wenye jeraha hilo.

Nyumbani, kunywa maji ya kutosha, usizuie haja, wala usiingize majani au unga wo wote sehemu za siri. Vidonge vilivyobaki vya jirani si dawa yako.

Nanyi akina baba, mkeo akisema, “Naumwa,” usimwulize kwanza alikuwa na nani. Mwulize, “Twende saa ngapi?” Nanyi wasichana wa shule, mkiona alama hizi, mwambieni mama, shangazi au mwalimu wa kike. Mganga amekwisha kuyasikia hayo mara elfu, hatakucheka. Aibu ya robo saa mbele ya mganga ni nyepesi kuliko figo zilizoharibika.