Chaja kwenye pikipiki si anasa

Vijana wenzangu, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi na mashirika, naandika kutoka Petta, hapa Tororo.

Wengi mnanijua kutoka Kiryandongo, nilikokuwa najitolea kutafsiri na kupeleka taarifa nyumba kwa nyumba. Siku hizi niko Petta kwa mjomba, naendesha boda. Leo nataka tuongee juu ya kitu ambacho watu wanakicheka: chaja ya simu kwenye pikipiki. Mimi nasema hivi: kikundi cha vijana kikipewa pikipiki ya kazi bila chaja, kimepewa nusu.

Siku moja nilibeba mzigo mpaka Busia, nikarudi usiku. Simu ilikuwa imezima tangu saa tisa mchana. Nyumbani hatuna stima. Simu tunapeleka kwa kibanda chenye sola, unalipa mia tano, unaiacha mpaka jioni. Basi nikalala. Usiku huohuo mama mmoja ng'ambo ya bonde akashikwa na uchungu. Mume wake akanipigia, akapiga tena, sipatikani. Mwishowe walimpakia kwa baiskeli, wakaisukuma gizani. Walifika kituo cha afya kumeanza kupambazuka.

Mama yuko hai, mtoto pia, tunamshukuru Mungu. Yule mume hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Pikipiki yangu ilikuwa hapo nje, ina mafuta na betri nzima. Njia yote kutoka Busia nilikuwa nimekalia stima, na simu imekufa mfukoni.

Wiki hiyohiyo nikatafuta fundi. Wa kwanza aliunganisha chaja moja kwa moja kwa betri, bila fyuzi, akafunga tepu nyeusi, akasema tumemaliza. Siku ya tatu taa zikawa hafifu na honi haitoki, kwa sababu ile chaja ilikuwa inakula betri hata pikipiki ikiwa imelala. Halafu waya ikasuguana na chuma chini ya tanki, ganda likaanza kuyeyuka. Fikiria moto, hapo chini ya petroli. Nilikata ile waya na mikono inatetemeka.

Fundi wa pili alinionyesha vizuri, na mimi nawaeleza. Betri ya pikipiki ni volti 12, simu inataka volti 5. Kwa hiyo unanunua chaja ya kupunguza, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Usiiunge kwa betri moja kwa moja. Iunge kwa waya ya swichi, ile inayopata moto ukifungua ufunguo tu. Ukitoa ufunguo, chaja nayo inalala. Weka fyuzi ndogo mwanzoni mwa waya, karibu na pale inapotoa moto, ndiyo waya ikigusana fyuzi iungue, si pikipiki. Waya ipite mbali na injini, na mahali usukani unapokunja iachwe na nafasi, isivutike.

Mtu ataniuliza, je, haitamaliza betri? Chaja inayotoa ampea 2 kwa volti 5 ni wati 10 tu. Balbu ya kawaida ya taa ya mbele ni kama wati 35. Injini ikiwa inanguruma, hakuna shida. Lakini usichajie watu watano huku umezima injini, hapo utasukuma pikipiki.

Sasa nirudi kwenu wa mashirika. Niliwahi kuuliza jambo hili kwa mkutano. Nikajibiwa eti hiyo ni starehe ya vijana, mtachaji nyumbani. Nyumbani gani? Nyinyi wenyewe mnatutumia ujumbe wa mgao kwa simu. Mkimtafuta mtu wa kupeleka mgonjwa, mnapiga simu. Kazi yote mmeiweka kwenye simu, halafu kuichaji mnasema ni starehe?

Neno boda boda lilizaliwa hapa Busia, miaka ya 1960, baiskeli zikivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka. Wakati ule abiria alimkuta dereva barabarani. Leo anampigia.

Na mimi najua simu ni nini. Mwaka 2008, baada ya vita vya uchaguzi Kenya, tulivuka mpaka na maelfu wengine, tukawekwa kambi ya Mulanda, si mbali na hapa. Nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Mama alikuwa na simu moja ndogo, imezima. Siku alipopata mtu wa kumchajia, ndiyo siku alimpata mjomba, ambaye alikuwa ameoa hapa Petta. Kabla ya hapo hakuna ndugu aliyejua kama tuko hai.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika bajeti ya pikipiki, pale mnapoandika kofia ngumu, andikeni pia chaja, fyuzi na pesa ya fundi. Na vijana, tujifunze kuifunga wenyewe, ni kazi inayolipa. Sitaki pia mseme nimewafundisha kuongea na simu mkiendesha. Sheria inakataza, na barabara zetu hazisamehi. Simu ikae kwa mfuko wa pikipiki ikichaji. Ikiita, simama kando ndiyo ushike.

Namba yangu haijabadilika. Siku hizi hata saa nane ya usiku inaita. Kama unaona tofauti na mimi, andika hapa chini tubishane.