Kikundi cha Maji na Moto Shuleni

Wako watu katika Bonde la Kilombero wanaouliza hivi: "Sisi maji tunayo tele. Mto hufurika wakati wa masika. Kwa nini shule iunde kikundi cha kubana maji?" Swali hilo ni zuri. Linafaa kujibiwa.

Maji ya mafuriko si maji ya kunywa. Maji safi hutoka bombani au katika kisima kilichofunikwa. Kuyapata ni gharama: fedha, umeme, au nguvu za mikono. Mahali pasipo na bomba, mara nyingi mtoto ndiye anayeyabeba kichwani. Kuni nazo ni hivyo hivyo. Basi ndoo inayomwagika ovyo, na ukuni unaoungua bure, humpotezea mtoto wakati wa masomo.

Hata umeme hutegemea maji. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975, huendeshwa na maji ya Mto Ruaha Mkuu. Kituo cha Kihansi kilizinduliwa mwaka 2000. Vyote viwili ni jirani zetu. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji ya mabwawa, na nchini kukawa na mgawo wa umeme. Kumbe mito mikubwa nayo hupungua.

Kwa maoni yangu, kila shule ya bonde hili iwe na kikundi cha maji na moto. Wanafunzi 6 wanatosha: wasichana 3 na wavulana 3. Waongozwe na mwalimu mmoja, mpishi wa shule, na mzazi mmoja kutoka kamati ya shule.

Lakini kikundi hicho kisiwe njia mpya ya kuwatuma watoto maji na kuni. Wala kazi yake isiwe adhabu. Kazi yake ni kukagua, kuhesabu na kushauri. Tuseme bomba linavuja na kujaza ndoo moja ya lita 20 kila siku. Kwa siku 30 zimepotea lita 600, yaani ndoo 30. Kikundi kiandike hesabu hiyo katika daftari, na kamati itengeneze bomba.

Jikoni pia kuna kazi. Maharage yalowekwe usiku, yataiva upesi. Kuni zianikwe mpaka zikauke. Sufuria ifunikwe. Chakula kikiiva, moto uzimwe. Madarasani, taa zisiachwe zikiwaka mchana.

Tahadhari moja: kubana maji si kuacha kunawa mikono. Kibuyu chirizi hutoa maji kidogo, na mikono hutakata kwa sabuni.

Sisi wazazi tusiwaachie watoto peke yao. Tumejifunza kusoma na kuhesabu kwa ajili ya mambo kama haya. Kila mwisho wa mwezi twende shuleni, tuliombe daftari, tulisome. Tuulize: Mwezi uliopita zilitumika kuni mizigo mingapi? Mwezi huu je? Watoto wamekosa vipindi vingapi kwa sababu ya kuchota maji?

Shule ikitujibu kwa hesabu, kikundi kinafanya kazi. Isipoweza kujibu, tujue kikundi ni cha jina tu, na watoto wetu bado wanabeba ndoo wakati wa masomo.