Vyombo Vibovu au Masikio Mabovu?

Naandika haya nikijua nitasemwa kijiweni, na wapo watakaodai sijawahi hata kukaa nyuma ya dramu. Potelea mbali. Wapiga dramu vijana wa Dar es Salaam wamekamatwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni chapa. Keti nao nusu saa kabla ya mazoezi, Kinondoni au Mwananyamala, uwasikilize. Huyu anaapa kwa Pearl. Yule anasema bila Yamaha hakuna kitu. Wa tatu, ambaye kazi yake ni kupiga kanisani Jumapili, anakutajia Gretsch ya Marekani ambayo hajawahi kuigusa: mzinga wake una tabaka ngapi za mbao, mti gani, mpaka rangi ya vanishi. Sasa waulize: nani kati yenu ana ufunguo wa kukazia ngozi? Kimya. Mmoja anajipapasa mifuko, anatoa simu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Ufunguo wa dramu ni chuma kidogo kinachokaa kwenye mfuko wa shati. Mtu anayejua majina ya miti ya Kanada na hana ufunguo ni shabiki wa dramu. Mpiga dramu bado.

Wazee walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Msemo huu tumeuzoea kama kijembe cha kuwasema wabinafsi, lakini hebu uangalie kwa jicho la fundi. Anayeamua sauti ni anayewamba. Hakuna aliyesema mkata gogo, wala mwenye duka. Wapigaji wa pwani hawakuianza shughuli kabla ya kuzipasha ngoma zao kwenye moto wa makuti, ngozi ikauke, ikaze, ilie inavyotakiwa. Na ngoma ikilegea usiku wa manane ilirudishwa motoni. Msidhani huo ni ushamba wa Kiafrika. Wazungu nao, enzi ngozi za dramu zilipokuwa za ndama, walikuwa wakiweka taa ya umeme ndani ya ngoma kubwa ya mguu ili joto lizuie ngozi isilegee kwa unyevu. Ngozi za plastiki zilishika soko baada ya mwaka 1957, Remo Belli alipofungua kampuni yake kule California. Tangu hapo moto haukuhitajika tena. Sikio lilibaki kuhitajika, na ndilo sisi tulilolitupa pamoja na makuti.

Tuzungumze mambo ya ufundi kidogo, maana kelele za chapa zinaishi kwa sababu watu hawajui sauti inatoka wapi. Ukigonga ngoma, ngozi ya juu inasukuma hewa iliyomo ndani, hewa inaisukuma ngozi ya chini, na ngozi hizo mbili zinaanza kujibizana. Zikielewana, unapata mlio mmoja ulioshiba. Zikigombana, unapata ule mlio wa ndoo iliyoangushwa ngazini. Mzinga unachangia, sikatai: upana wake, kina chake, unene wake, na zaidi ya yote mdomo wake, pale ngozi inapolalia. Mdomo ukiwa na bonde upande mmoja, unaweza kukaza boliti mpaka asubuhi, ngozi haitatulia. Lakini aina ya mti inakuja nyuma kabisa kwenye foleni hiyo, na yenyewe ndiyo inayobishaniwa kuliko yote.

Mnataka ushahidi? Miongoni mwa snea zilizorekodiwa zaidi duniani ni ile ya Ludwig iitwayo Supraphonic, ya tangu miaka ya 1960. Mzinga wake ni wa alumini, aina ya chuma cha sufuria. Haina mti hata wa kuchokonolea meno. Halafu tazameni zile dramu za Ludwig alizokuwa akipiga Ringo Starr wa Beatles. Tarehe 9 Februari 1964 alionekana nazo kwenye televisheni ya Marekani, ngoma nne tu, na kiwanda kikalemewa na oda. Mizinga ya Ludwig ya miaka hiyo ilikuwa na tabaka tatu, na lile la katikati lilikuwa la popla, mbao laini ya bei nafuu. Popla hiyohiyo leo ikiandikwa kwenye boksi Kariakoo, masela wanacheka na kusema hiyo ni seti ya watoto. Ringo mwenyewe, katika rekodi za mwisho za Beatles, alikuwa akizifunika ngoma zake kwa mataulo ya jikoni apate sauti nzito na kavu. Mataulo, jamani!

Sasa tuje kwenye idadi. Seti ya vipande saba imekuwa kama gari lenye madirisha meusi: inauza sura. Tomu nne zimening'inia, mpigaji haonekani, na katika wimbo wa dakika nane anazigusa mara mbili, tena wakati wa mbwembwe. Seti ya dramu haikuzaliwa hivyo. Ilizaliwa kwa kubana matumizi. Kazi ya watu wawili watatu, mmoja na ngoma kubwa, mwingine na snea, mwingine na matoazi, alipewa mtu mmoja aliyekaa kitini, na pedali ambayo Ludwig alianza kuiuza Chicago mwaka 1909 ndiyo iliyofanya mguu uweze kwenda mbio. Tony Williams alipojiunga na Miles Davis mwaka 1963, akiwa na miaka 17, alikuja kujulikana kwa ngoma ya mguu ya inchi 18, ndogo kuliko ile ya inchi 22 ambayo wengi wetu tunaiona ndiyo sheria.

Na tuache ya mbali. Dansi letu la miaka 50 iliyopita limesimama juu ya nini? Zaïko Langa Langa ilianzishwa Kinshasa mwishoni mwa mwaka 1969, na mpiga dramu wake, Meridjo Belobi, akatupa kavacha. Kavacha ni snea na haihati vikikimbia, na mguu unasindikiza chini. Ikavuka mipaka, ikaingia Nairobi, ikaingia kwetu, ikachezesha Afrika Mashariki nzima. Nani aliwahi kurudi nyumbani analalamika kwamba kavacha ilikosa tomu ya nne? Angalieni hata majina ya mitindo yetu. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 iliishia kuitwa Msondo Ngoma, na msondo ni ngoma ndefu. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 ikajiita Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Bendi mbili zilizogawa mji huu nusu kwa nusu zilichagua majina ya ngoma za kuwambwa, si za katalogi.

Tena katika bendi hizohizo kuna mwalimu anayekaa hatua mbili tu kutoka kwa mpiga dramu, naye hatazamwi. Ni mpiga tumba. Kila jioni kabla ya onyesho anainama na spana yake, anakaza, anagonga, anasikiliza, analegeza kidogo, anagonga tena. Hakuna anayemwambia. Mpiga dramu wakati huo yuko kaunta.

Wako wanaojiita mafundi wa kurekebisha, nao nawagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale wanaobomoa. Ngozi za chini za tomu zimepasuka, hakuna aliyenunua nyingine, basi wanaziondoa zote na kusema ni mtindo. Ni kweli miaka ya 1970 kuna waliopiga hivyo studio kwa makusudi, wakitaka mlio mfupi na mkavu wenye maikrofoni ndani. Lakini kwenye ukumbi wa wazi, na maikrofoni mbili za kuazima, huo mlio unafia palepale jukwaani. Wengine wanajaza blanketi zima ndani ya ngoma ya mguu mpaka inalia kama mlango wa kabati. Taulo moja lililokunjwa likigusa ngozi linatosha. Na tundu la mbele mkilikata, likateni dogo na pembeni. Msikate ngozi yote mkabakiza ukingo halafu mkauliza uzito wa sauti umekwenda wapi.

Fungu la pili nalivulia kofia. Hawa ndio wanaochukua mzinga wa bei poa, wanaondoa ringi na boliti, wanatandika msasa kwenye kioo au meza iliyonyooka kabisa, wanausugua mdomo wa mzinga taratibu kwa kuzungusha mpaka usiwe na bonde, kisha wanarudisha mteremko wa ndani kwa tupa na mkono mtulivu. Nimesikia tomu za popla zilizofanyiwa hivyo zikizungumza kama watu wazima. Toazi likipata ufa, wanatoboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kutembea, au wanakata kipande kilichooza na kulainisha ukingo. Tomu kubwa ya sakafuni inalazwa ubavu, inawekewa miguu na pedali, inakuwa ngoma ya mguu ya kupakia kwenye Bajaji. Huo ndio usanii.

Na kuwamba kwenyewe si uchawi. Unaweka ngozi, unakaza boliti zote kwa vidole tu hadi zikatae. Kisha ufunguo, nusu mzunguko kila boliti, ukivuka upande wa pili kila mara, kama unavyokaza nati za gurudumu. Unagonga kwa kijiti karibu na kila boliti, kama inchi moja kutoka ukingoni, na unasikiliza nani anaimba juu na nani anaimba chini, mpaka wote waseme neno moja. Halafu unageuza unafanya chini. Kwenye snea, ile ngozi ya chini yenye nyaya ni nyembamba mno, iguse kwa adabu. Mara ya kwanza itakuchukua saa nzima na utatukana. Mara ya ishirini ni dakika tano kwa kila ngoma.

Najua jibu litakalokuja: kwa hiyo unataka tupige mabovu milele? Hapana, bwana. Kuna mahali fedha inasema kweli. Pedali mbovu inaua mguu. Stendi inayoteleza katikati ya wimbo ni aibu, na boliti za bei ya chini huliwa meno haraka. Na toazi, hilo haliwambwi. Toazi baya ni baya leo, kesho na siku ya mazishi yako. Mabati laini yanayokuja bure ndani ya boksi la seti ni ya kujifunzia tu. Avedis, fundi wa Kiarmenia aliyeanzisha jina la Zildjian, alianza kuyeyusha shaba yake Istanbul karibu mwaka 1623, na mpaka leo ukoo huo unakula kwa toazi, kuna sababu. Mwenye mkwanja kidogo anunue ngoma tatu za kawaida, ngozi nzuri, haihati moja ya maana na toazi moja la kupanda nalo. Ila utamkuta huyo huyo anayekuimbia Gretsch anapiga mabati yaleyale yaliyokuja na boksi.

(Nanyi waandishi wenzangu msicheke sana. Nawajua wanaosubiri kompyuta mpakato ndipo riwaya ianze. Daftari la kurasa 96 liko kila duka.)

Kwa nini nimekasirika hivi kwa jambo la boliti? Kwa sababu watu wanapoteza mkate. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya LM-1, ya kwanza kubeba sauti za dramu halisi zilizorekodiwa. Mwaka huohuo Roland ya Japani ikatoa TR-808, sauti zake zikiwa za umeme mtupu. Hiyo 808 ilidharauliwa, ikaacha kutengenezwa mwaka 1983, vijana wa hip hop wakaiokota kwa bei ya mtumba na kuitikisa dunia nayo. Hawakuwa na chapa ya kujivunia. Walikuwa na masikio. Bongo Fleva ikakulia kwenye mashine na kompyuta, taarabu ya kisasa ikahamia kwenye kinanda, na mwenye baa akafanya hesabu yake. Kinanda kimoja, mtu mmoja, mapigo yamo ndani, tena yanalia safi. Kule jukwaani mpiga dramu wa kweli analia kama ndoo na anasema vyombo vibovu. Wewe ungekuwa mwenye baa ungemlipa nani?

Sitaki wenye bendi na makanisa wajifiche hapa. Wao ndio wanaomiliki vyombo. Wapigaji wengi wetu mali yetu ni vijiti. Wananunua seti ya vipande saba kwa mbwembwe, wanapigia picha, kisha ngozi zilizokuja nayo zinapigwa miaka minne mpaka zinakuwa na mashimo kama barabara ya mtaani. Mpiga gitaa akikatikiwa uzi analetewa mwingine usiku uleule. Basi mkiitwa kwenye maelewano mengine, dai kiwe kifungu kimoja cha maandishi: ngozi ananunua nani, na kila baada ya miezi mingapi.

Na yule ndugu wa kanisani mwenye Gretsch kichwani, namwalika kwa heshima. Aazime seti yoyote anayoitamani, aipige na ngozi ilizokutwa nazo. Mimi nitaleta ngoma tatu za popla, ngozi mpya, haihati moja na ufunguo. Wasikilizaji wafungwe vitambaa machoni. Ukumbi achague yeye. Viti nitaazima mimi.