Majani Yasinywe Kabla ya Watu



Mgeni ashukaye melini katika gati la Nansio huona maji kila upande, na pengine hucheka akiambiwa kwamba mji huu nao hujua mgao wa maji. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na kisiwa chetu cha Ukerewe kimo ndani yake. Lakini mama wa Nansio anaijua vema tofauti kati ya maji ya ziwa na maji ya bomba. Maji ya ufukweni yana kichocho, ugonjwa uliowatesa watu wa visiwa hivi kwa vizazi vingi, na nyakati za mlipuko huleta kipindupindu. Maji ya bomba yamevutwa kwa pampu, yametiwa dawa, yamesukumwa kwa umeme hadi kwenye tangi, kisha yakateremshwa mjini. Kila hatua ina gharama yake, na hatua moja ikikwama, bomba hukauka hata kama ziwa limejaa.

Hapa twataka kuuliza swali moja tu: maji hayo yanapopungua, nani afungiwe kwanza? Jibu letu tunalitoa mapema. Yafungiwe kwanza majani ya mapambo, na yaanze yale ya kwetu, sisi watu wa Kanisa.

Tuanze kwa kuungama

Katika parokia moja tuliyowahi kuitumikia, ambayo hatuna haja ya kuitaja, nyumba ya mapadre ilizungukwa na bustani nzuri ya ukoka. Kiangazi kilipozidi, maji ya mjini yakawa yanakuja kwa zamu. Sisi tulikuwa na tangi kubwa, hivyo hatukusikia uchungu wowote. Mtunza bustani aliendelea kuburuta mpira wa maji kila jioni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Nje ya ua palikuwa na bomba moja ambalo tuliwaruhusu majirani kuchota, na msukumo wake ulipungua kila mpira ulipofunguliwa.

Jioni moja tulipita pale tukielekea kwenye Jumuiya. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekalia dumu lake, alitusalimu kwa heshima, “Tumsifu Yesu Kristo, Baba.” Tukaitikia. Kisha akauliza kwa upole, “Baba, leo tutachota kabla ya majani au baada ya majani?”

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza utaratibu, kama mtu aulizavyo saa ya Misa ya pili. Alikwisha kuzoea kwamba katika ua wa Kanisa majani hunywa kwanza. Jioni hiyo tulikwenda kusali na kufafanua Neno la Mungu, na hatukumbuki hata sentensi moja tuliyoisema. Swali la mama yule tunalikumbuka mpaka leo.

Hesabu ya mpira mmoja

Twaweza kudhani kwamba mpira mmoja wa bustani ni jambo dogo. Basi tufanye hesabu. Mpira wa kawaida wenye msukumo mzuri waweza kutoa lita 15 kwa dakika. Kwa saa moja hizo ni lita 900, yaani madumu 45 ya lita 20. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha vijijini kuwa angalau lita 25 za maji safi kwa mtu kwa siku, katika umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani. Kwa kipimo hicho, saa moja ya kumwagilia ukoka ni sawa na maji ya siku nzima ya watu 36. Jumuiya Ndogo Ndogo nyingi hazifikishi idadi hiyo siku ya sala.

Tena, madumu hayo 45 yangekuwa yamebebwa na mtu. Dumu moja lililojaa lina uzito wa kilo 20. Aghalabu anayelibeba kichwani ni mama, au binti ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani.

Mgao wa saa na udanganyifu wake

Katika miji yetu maji yakipungua, mamlaka hutoa ratiba: mtaa huu asubuhi, mtaa ule kesho. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 2022. Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame, uzalishaji wa maji wa DAWASA ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300, na wakazi wakatangaziwa mgao. Hatuilaumu ratiba. Maji yasipotosha, lazima yagawanywe. Lakini tuitazame kwa jicho la haki.

Mgao wa saa unaonekana sawa kwa sababu saa ni zilezile kwa wote. Vyombo, hata hivyo, si vilevile. Maji yanapokuja kwa saa nne, mwenye tangi la lita 5,000 hulijaza akiwa amelala, na siku zinazofuata huoga, hufua na kumwagilia kana kwamba hakuna mgao. Mwenye ndoo tatu hujaza ndoo tatu. Zikiisha, atanunua dumu kwa mwuza maji wa baiskeli au mkokoteni, naye atalipa kwa kila lita zaidi ya anavyolipa mwenye bomba nyumbani. Hivyo ukame uleule humnyima mmoja maji ya uji wa mtoto, na mwingine haumnyimi hata maji ya maua.

Jambo hili limepimwa kwingineko. Mji wa Cape Town, Afrika Kusini, ulikaribia kuishiwa maji mwaka 2018. Tangu tarehe 1 Februari ya mwaka huo kila mkazi alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku, na kumwagilia bustani kwa maji ya bomba la mji kulikatazwa kabisa. Watu walitii kwa kiasi kikubwa, na siku ya kufunga mabomba haikufika. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kwamba katika mji huo matajiri na watu wa kipato cha juu, ambao hawafiki asilimia 14 ya wakazi, hutumia zaidi ya nusu ya maji yote, sehemu kubwa ikienda kwenye bustani, mabwawa ya kuogelea na mengineyo yasiyo ya lazima. Basi pale ambapo ukoka unanyweshwa kwa wingi, si haki kuanza kubana maji kwa kufunga bomba la jumuiya.

Nuru ya imani

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, chasimulia jinsi Yakobo alivyofika kisimani karibu na Harani. Juu ya kisima palikuwa na jiwe kubwa. Makundi matatu ya kondoo yalikuwa yamelala pale yakingoja, maana desturi ilikuwa kwamba jiwe halivingirishwi mpaka makundi yote yakusanyike. Wachungaji wale walikuwa watu wa nchi kavu. Walijua kwamba kisima cha wote hakifunguliwi kwa faida ya aliyewahi au mwenye nguvu. Mgao wa maji, kumbe, ni jambo la kale, na tangu kale ulikuwa na sharti: wote wawepo ndipo kinywaji kianze.

Injili ya Luka, sura ya 16, nayo yatuonya. Yule tajiri hakusemwa kwamba alimpiga Lazaro wala kwamba alimwibia. Alimwacha mlangoni. Na mwishowe yeye aliyekuwa na kila kitu aliomba tone la maji kwenye ncha ya kidole.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii yamelishika jambo hili kwa uthabiti: mali ya dunia Mungu ameikusudia kwa watu wote, na haki ya mtu kumiliki chake haiondoi kusudi hilo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila binadamu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuitambua haki hiyo tarehe 28 Julai 2010. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ya nchi yetu imeweka matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine. Kwa hiyo tunaposema watu watangulie, hatuombi fadhila.

Wapo watakaopinga

Wa kwanza atasema: “Maji yangu nayalipia.” Ni kweli, na kulipa ni wajibu, maana pampu haiendi kwa sala peke yake. Lakini bei ya maji hulipia kazi ya kuyaleta. Haimnunulii mtu ruhusa ya kuyamaliza wakati hayawatoshi wote. Mwenye kulipa nauli ya meli hana haki ya kulala juu ya viti vinne wakati wazee wamesimama.

Wa pili atasema: “Ziwa haliishi.” Mei 2020 ziwa lilijaa mno hata likaingia katika makazi ya ufukweni, na ni rahisi kudhani ndivyo litakavyokuwa daima. Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya 2005 na 2006, ziwa liliposhuka kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 80 hivi, likayaacha magati juu na kusogea mbali na ufuko wake wa zamani. Mvua zilipungua, na maji mengi mno yaliruhusiwa kupita katika mabwawa ya umeme kule Jinja, Uganda. Na hata ziwa likijaa, twarudia, maji ya bomba hutegemea pampu, dawa na umeme.

Wa tatu, naye ni mwema, atasema: “Nyumba ya Mungu yapaswa kupendeza.” Twakubali. Lakini ukoka ukikauka kiangazi hurudi na mvua ya vuli, na wala haukumbuki kiu yake. Mtoto aliyekunywa maji ya ufukweni kwa sababu bomba lilikauka huenda asirudi.

Hatusemi pia kwamba kila kinachomwagiliwa ni anasa. Tuta la mchicha na nyanya la mama mjane ni chakula na ada ya shule. Amri ikatazayo umwagiliaji wote bila kubagua ingemwumiza yeye kuliko mwenye ukoka.

Yatupasa tufanye nini?

Kwanza, Halmashauri Walei ya kila parokia iamue rasmi kwamba wakati wa mgao hakuna mpira utakaofunguliwa kwa ajili ya ukoka na maua katika nyumba ya mapadre, nyumba ya watawa, shule na zahanati zetu. Maua yapewe maji yaliyokwisha kuoshea vyombo au kufulia. Mtunza bustani asipunguziwe mshahara. Apewe kazi ya bustani ya mboga na ya kukarabati mifereji ya paa.

Pili, tuvune mvua. Paa la kanisa lenye meta za mraba 400 likipata mvua ya milimeta 20 hupokea lita 8,000. Hata kama sehemu itapotea, ni aibu kuziacha zimomonyoe uwanja, kisha kiangazi tukashindana na majirani kwenye bomba.

Tatu, bomba la nje ya ua liwe la kwanza kufunguliwa na la mwisho kufungwa.

Nne, viongozi wetu wahudhurie mikutano ya mtaa na ya watumiaji wa maji, waombe kwa heshima na bila kuchoka mambo mawili: ratiba ya mgao itangazwe mapema na kufuatwa, na katazo la kumwagilia bustani za mapambo, za umma na za binafsi, litangulie kabla bomba lolote la jumuiya halijapunguziwa saa. Lakini wasiende kuomba hilo ilhali mpira wetu unatiririka. Watu watatuuliza, nao watakuwa na haki.

Katika parokia ile tuliyoisimulia, mpira ulikunjwa na kuwekwa stoo mpaka mvua zilipoanza. Ukoka ukawa wa kahawia. Wageni kadhaa walisikitika kuuona. Yule mama mzee hakusema neno. Alichota dumu lake mapema, akaenda kupika.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mtaa wetu, nani huishiwa maji kwanza wakati wa mgao, na kwa nini?

2. Ni matumizi gani ya maji katika nyumba zetu na taasisi zetu za Kanisa ambayo yangeweza kusimama kesho bila kumwumiza mtu?

3. Nani katika Jumuiya yetu hana chombo cha kuhifadhia maji, na tutamsaidiaje kabla kiangazi hakijafika?