Karafuu na Gudi
Ndugu Wanachama,
Wako wanaodhani kazi ya mkulima hwisha gunia likishashonwa. Sivyo. Karafuu ya Pemba huvuka bahari, na meli ya chuma isiyopandishwa gudini huliwa na kutu, hugandwa na kome, hupungua mwendo na hula mafuta mengi. Gharama hiyo huongezwa katika nauli ya shehena. Majahazi hukalafatiwa na kutiwa deheni pwani, maji yakitoka. Meli kubwa huhitaji gudi, kama ya Mombasa. Ikichelewa huko, magunia hukaa ghalani yakapata unyevu, karafuu ikashuka daraja. Basi twashauri: tuwapeleke baadhi ya vijana wetu wakajifunze kuchomea vyuma na kutengeneza mashine za meli. Chombo kibovu ni hasara ya mchumaji pia.
Katibu