Mche wa Bangi Kwenye Kikombe: Ujerumani ni Ruksa, Kenya ni Kesi

Ingia YouTube usiku huu utafute vile mbegu ya ngwai inaoteshwa ndani ya nyumba. Utapata vidio kibao. Mzungu fulani na kofia yake, tishu mbili zenye unyevu, sahani mbili zimefunikana, halafu baada ya siku tatu anakuonyesha kamzizi keupe kametokeza. Anaongea polepole kama mwalimu wa nasari. Na hakuna mahali anageuka kuangalia kama mlango umegongwa.

Hapo ndipo wasee wetu hawaangalii. Kijana wa Roysambu ama Rongai ametazama hiyo vidio mara nne, ameshika kila kitu kuhusu maji na taa, lakini hajajiuliza mbona huyo jamaa anaonyesha sura yake mchana kweupe. Jibu ni rahisi. Pale anapoishi, hicho kikombe ni halali. Hapa kwetu hicho kikombe ni kesi, na si ile ya kumalizana na karao kwa kona.

Tuanze na Ujerumani, kwa sababu ndiyo nchi kubwa ya Ulaya iliyofungua huu mlango juzi tu. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu anaruhusiwa kukuza mimea mitatu kwa wakati mmoja, nyumbani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe. Akitoka nje asibebe zaidi ya gramu 25. Nyumbani asiweke zaidi ya gramu 50. Mimea lazima ikae mahali watoto hawafiki. Kuuzia jirani hapana, hata kama ni mshikaji wako wa miaka kumi. Mbegu unaweza kuagiza kutoka nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, ama uchukue kwa zile klabu za wakuzaji zilizoruhusiwa kuanzia Julai mwaka huohuo: mbegu saba kwa mwezi, ama miche mitano ya vipandikizi. Wajerumani ni Wajerumani, hata bangi wameiwekea hesabu.

Na hiyo mimea mitatu si rahisi vile vidio inafanya ionekane. Wengi wanaua miche kabla haijafika wiki mbili, na muuaji mkubwa ni upendo. Mtu ameona mbegu imepasuka, amefurahi, anaanza kumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Mche wa siku chache hauhitaji hayo maji yote. Mizizi yake inataka hewa pia, na udongo ukikaa tope inakosa pumzi. Kisha kinakuja kinyausi, ule ugonjwa wa ukungu ambao kila mama wa kitalu cha nyanya anaujua: shina linalainika pale linapogusa udongo, jioni mche umesimama, asubuhi umelala. Ukifika hapo hakuna dawa. Unatupa.

Makosa mengine ni hayohayo ya sukuma na pilipili. Mwanga ukiwa hafifu ama mbali, mche unarefuka kama nyuzi ukiutafuta, mwishowe unashindwa kubeba kichwa chake. Mbolea ukiweka mapema unauchoma, kwa sababu mbegu inakuja na chakula chake cha siku za kwanza ndani, na yale majani mawili ya mviringo yanayotangulia ndiyo stoo yenyewe. Joto la karibu nyuzi 20 hadi 25, udongo mwepesi wenye unyevu bila kulowa, na mkono usioshikashika. Mkulima yeyote wa Kinangop angekwambia hayo bila kutazama vidio.

Lakini angalia kitu kimoja. Mjerumani mche wake ukifa anapoteza euro kadhaa za mbegu. Mkenya mche wake ukipona ndiyo shida inaanza.

Sheria yetu ya mihadarati ni ya mwaka 1994. Kifungu cha 6 kinaongelea kukuza mimea iliyopigwa marufuku, na bangi imo kwenye orodha hiyo pamoja na koka na ule mpopi wa afyuni. Adhabu iliyoandikwa pale ni faini ya shilingi 250,000 ama mara tatu ya bei ya huo mmea sokoni, ile itakayokuwa kubwa zaidi, ama kifungo kisichozidi miaka 20, ama vyote viwili. Tafuta kwenye hicho kifungu mahali wametofautisha mche mmoja wa dirishani na ekari tatu ndani ya msitu. Hakuna. Jaji ama hakimu ana nafasi yake ya kupima, ndiyo, lakini sheria yenyewe inaanza na jicho moja kwa wote.

Kuna kitu kingine cha kushangaza kuhusu mbegu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao ndio mama wa hizi sheria zote, unasema bangi ni vile vichwa vya maua ama matunda, na unaziacha mbegu na majani nje kama hayajaandamana na hivyo vichwa. Ndiyo maana kuna nchi ambazo mbegu zinauzwa dukani kama karanga huku kukuza kukiwa haramu. Msee anaona mbegu zinauzwa waziwazi mtandaoni anadhani biashara yote ni safi. Lakini mkataba huohuo unasema mmea wa bangi ni mmea wowote wa jamii hiyo. Haujasema lazima uwe na maua. Haujasema lazima ufike kiunoni. Ule usiku ambao kamzizi kanatoka kwenye ganda na kuingia udongoni, umevuka kutoka kuwa na mbegu na ukaingia kwenye kukuza, na wewe ulikuwa umelala.

Kabla mtu aseme sheria ni karatasi tu, kumbuka kifungu hicho hakimkamati mkuzaji peke yake. Kinamgusa pia mwenye ardhi, anayekaa hapo ama anayeisimamia, akiruhusu itumike kwa hiyo kazi. Sasa piga picha plot ya vyumba 24. Landilodi yuko Kiambu. Keateka anapita kila mlango kuulizia token ya maji. Rumeti wako anajua kuna kitu kiko nyuma ya pazia lakini ameamua si shughuli yake. Makarao wakiingia, wataanza kuuliza nani alijua.

Ngoja niingize kitu kidogo hapa. Hii mambo ya kukuza ndani ya nyumba haikuanza kama starehe ya watu wa mjini. California mwaka 1983 serikali ilianzisha oparesheni ya kutafuta mashamba ya bangi kwa helikopta, na wakulima wengi wakahamisha mimea ndani ya stoo na vyumba vya chini, wakawasha taa. Zile taa zina kazi nyingine pia. Mmea huu kwa kawaida huanza kutoa maua siku zikifupika, kwa hivyo wa ndani huangaziwa saa 18 kwa siku ndiyo ukue kwanza. Hapa Kenya tuko kwenye ikweta, jua ni saa 12 mwaka mzima na ni ya bure. Kwa hivyo Mkenya anayelipa tokeni za KPLC kuangazia kikombe hafanyi hivyo kwa sababu ya kilimo. Anajificha tu, na anajua anajificha.

Swali ni kama siasa yetu imewahi kuongea kuhusu huyo mtu. Mimi naona bado. Mwaka 2017 Gwada Ogot alipeleka ombi lake Seneti. Mwaka 2018 marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alianza safari ya mswada wa kuhalalisha, na akatuacha Julai 2019 kabla haujafika mbali. Halafu 2022 akaja Profesa George Wajackoyah na Roots, watu wakacheka, wakacheza, wakavaa zile trakisuti, na siku ya kura akapata 61,969. Lakini rudi usikilize alichokuwa anauza. Ilikuwa ni bangi ya kuuza nje, tulipe deni la nchi. Ilikuwa hadithi ya dola.

Na hiyo ndiyo njia nchi nyingi za Afrika zimefuata. Lesotho ilianza kutoa leseni 2017, Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi 2020, Rwanda nayo ikafungua mlango wa bangi ya dawa ya kuuza nje mwaka 2021. Kampuni yenye uzio, kamera na mtaji inapata karatasi. Mtu na kikombe chake anabaki vile alikuwa. Serikali ikitaka ganji inaongea na wawekezaji, na si ajabu. Ajabu ni vile sisi huku chini tunasikia "wamehalalisha" tunadhani tumetajwa.

Nchi ya Afrika iliyoongea kuhusu kikombe chenyewe ni Afrika Kusini, na hadithi yake inafaa kusomwa na kila Rasta wa Kenya. Gareth Prince alikuwa amesomea sheria. Alizuiwa kuingia kwenye uanasheria kwa sababu alikuwa na rekodi ya kupatikana na bangi na alisema wazi kwamba ataendelea, ni imani yake. Akaenda Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini. Mwaka 2002 akashindwa, majaji 5 kwa 4. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi miaka mingi baadaye na hoja nyingine kabisa: faragha. Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama hiyohiyo, uamuzi ukiandikwa na Raymond Zondo, ikasema kumfunga mtu mzima kwa kutumia ama kukuza bangi yake mwenyewe faraghani ni kinyume cha katiba. Sheria kamili ya Bunge ikatiwa sahihi na Ramaphosa mwishoni mwa Mei 2024, siku moja tu kabla ya uchaguzi.

Mlango wa dini ulikataa. Mlango wa nyumba ukafunguka.

Huku kwetu tumeshaanza na ule wa kwanza. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba Urastafari ni dini, kwenye kesi ya msichana aliyefukuzwa shule sababu ya dredi. Mwaka 2021 Rastafari Society of Kenya wakaenda mahakamani wakitaka waumini waruhusiwe kutumia mmea huo faraghani, kwa ibada. Katiba yetu ya 2010 ina Kifungu cha 32 cha dini na Kifungu cha 31 cha faragha. Ukiniuliza mimi, hicho cha 31 ndicho chenye nguvu zaidi, maana kinamhusu kila mtu, hata yule hajawahi kufuga nywele. Kifungu cha 32 pekee kingeleta shida ya kuanza kupima nani ni Rasta wa ukweli, na sioni hakimu akifanya hiyo kazi vizuri.

Lakini faragha nayo ina bei, na hapa ndipo naona hii mjadala inakwepa jambo. Nchi nyingi zilizoruhusu kikombe zimechora mstari kwa kutumia nyumba. Uruguay ni mimea sita kwa nyumba. Canada ni minne, isipokuwa Quebec waliosema hata mmoja hapana, na mahakama ya juu ya Canada ikawakubalia 2023. Luxembourg ni minne. Nyumba, nyumba, nyumba. Sasa wewe niambie, nyumba ya Mathare ni ipi? Ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Choo ni cha watu ishirini. Mtoto wa mama wa pili anaingia kwako kutazama katuni. Sheria ya Ujerumani inataka mimea ikae mbali na watoto, na ukiileta hiyo Kenya vile ilivyo, mtu wa Runda ana chumba kizima cha kufunga na kufuli, wa Pipeline ana kitanda na jiko kwenye chumba kimoja. Haki itakuwa moja kwenye karatasi na mbili mtaani.

Mahakama ya Afrika Kusini iliona kidogo hilo, ikasema si lazima iwe nyumba, iwe "mahali pa faragha." Ni maneno mazuri. Bado mtu anayelala wanne chumba kimoja atauliza faragha hiyo inauzwa wapi.

Na sijasahau upande wa afya. NACADA walipofanya utafiti wao wa kitaifa mwaka 2022 walipata zaidi ya nusu milioni ya Wakenya wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi. Hao wa miaka 15 na 16 ndio wa kutia wasiwasi, kwa sababu ubongo bado unajengwa, na kuna familia mtaani zinajua kulala nje ya wodi ya akili ni nini. Anayetaka tuongee kuhusu kikombe lazima aongee pia kuhusu huyo mtoto. Wajerumani nao bado wanabishana: chama kilichopinga sheria hiyo kiliingia mamlakani 2025 na serikali yake ikakubaliana itathminiwe upya.

Kwa sasa, msee wangu wa Rongai, hali ni hii. Ile vidio ilirekodiwa kwenye nchi ambayo ina nambari tatu kwenye sheria yake. Ya kwetu haina nambari. Kesi ya Rasta ikiisha vizuri huenda ikapatikana, na tutarudi hapa tuisome pamoja. Kabla ya hapo, kama kidole kinakuwasha kupanda kitu kwa dirisha, dania inaota kwa wiki moja na nusu hivi, na keateka atakuomba kidogo ya kachumbari.