Tusimwite Mvivu Anayesoma Nusu Muda

Kuna hukumu moja ambayo imekuwa nyepesi mno midomoni mwa jamii yetu. Kijana wa Kitanzania au wa Kikenya aliyehamia Marekani na wazazi wake, mwenye nia ya kuwa daktari, akionekana anachukua masomo mawili tu kwa muhula huku akifanya kazi, huambiwa hana nia ya dhati. Hutupiwa na methali juu yake: mshika mawili, moja humponyoka. Naipinga hukumu hiyo. Naipinga na methali yenyewe inapotumiwa kumziba mdomo mtu ambaye hilo la pili hakulishika kwa hiari. Mara nyingi la pili amewekewa mkononi na hao hao wanaomcheka.

Sehemu ya lawama hii inatokana na kupima safari ya mtu kwa saa isiyokuwa yake. Kwetu Tanzania, mhitimu wa kidato cha sita aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia anaweza kuingia moja kwa moja katika shahada ya udaktari ya miaka 5, kisha akafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Marekani, kwa walio wengi, mlango huo haupo. Mwanafunzi hupata kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida ya miaka 4, na ndani yake hupita katika baiolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia, pamoja na maabara zake. Hukalia mtihani wa MCAT, unaochukua zaidi ya saa 7 kwa siku moja. Ndipo huomba nafasi katika chuo cha udaktari cha miaka 4 mingine, na akihitimu humsubiri mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka 3. Shangazi anayempigia simu kijana wa miaka 24 na kumwambia kwamba mwenzake wa Moshi tayari anaitwa daktari, analinganisha njia mbili zisizofanana.

Chuoni huko, kwa kanuni za misaada ya masomo ya serikali kuu, mwanafunzi wa shahada ya kwanza huhesabiwa wa muda kamili akichukua krediti 12 au zaidi kwa muhula. Akipungukiwa, ruzuku ya Pell inayotolewa kwa wenye kipato kidogo nayo hupungua kulingana na mzigo wa masomo, na akishuka chini ya nusu ya muda kamili hukosa sifa ya mikopo ya serikali kuu. Hata hiari ya kupunguza mzigo si ya kila mtu: aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi ya F-1 hulazimika, isipokuwa kwa sababu maalumu, kusoma muda kamili. Anayebaki na uchaguzi ni raia au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, yaani yule yule ambaye sheria inamruhusu kufanya kazi, na ambaye kwa hiyo kila mtu anamtarajia afanye kazi. Mfumo humpunguzia msaada kwa sababu hana muda, naye hana muda kwa sababu msaada haumtoshi.

Ubaguzi huu wa saa una historia. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alichapisha chini ya taasisi ya Carnegie ripoti juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Alikuta uozo wa kweli: vyuo vya kibiashara visivyo na maabara, vinavyomdahili yeyote mwenye ada. Hilo alistahili kulisema, na wagonjwa wengi wamefaidika. Lakini katika kufyeka magugu hayo, vyuo vya usiku walivyosoma watu wenye kazi zao za mchana navyo vilihukumiwa, na kati ya vyuo 7 vya Wamarekani weusi vikabaki viwili, Howard na Meharry. Kigezo cha Flexner kilikuwa Johns Hopkins, chuo kilichodai shahada ya kwanza kabla ya kuingia. Tangu hapo udaktari wa Marekani umemdhania mwanafunzi wake kuwa mtu ambaye mtu mwingine anamlipia muda wake. Ubora ulipanda, na mlango ukawa mwembamba kwa maskini. Mambo yote mawili ni kweli, na anayetaja la kwanza pekee anasema nusu ya historia.

Sasa nigeukie ushauri unaotolewa kwa sauti kubwa: jikaze, chukua muda kamili, kazi ifanye usiku. Huu si ushauri wa ushujaa, ni mtego. Vijana wetu wengi huko ni wauguzi wasaidizi katika nyumba za kutunzia wazee. Mtu anayemgeuza mzee kitandani hadi alfajiri, kisha akaingia maabara ya kemia ya kaboni saa mbili asubuhi, hatapata alama anazozistahili kwa akili yake. Na alama hizo hazifutiki. Katika mfumo mkuu wa maombi ya shahada ya udaktari, mwanafunzi aliyerudia somo huhesabiwa alama zote mbili, ya kwanza na ya pili. Aliyesoma masomo mawili akapata A mbili amejenga msingi; aliyesoma matano akiwa na usingizi akapata C tano amechimba shimo ambalo atalifukia kwa miaka. Nani kati yao ndiye asiyejua anachokitaka?

Hata hivyo, nusu muda una gharama yake, na kumficha kijana jambo hilo ni kumdhulumu. Chuo cha udaktari chenyewe ni mzigo wa muda kamili, na kamati za udahili husoma nakala ya matokeo zikitafuta ushahidi kwamba mwombaji anaubeba mzigo wa namna hiyo. Pia matokeo ya MCAT hayadumu milele. Vyuo vingi havipokei ya zamani sana. Kwa hiyo nusu muda usio na mpango ni kutangatanga. Wenye mpango ni huu: masomo machache na alama za juu katika miaka ya uhitaji, akiba ikiwekwa, kisha angalau mihula miwili mfululizo ya mzigo kamili wa sayansi kabla ya kuomba. Mihula hiyo miwili ndiyo inayoamua, na ndiyo inayohitaji fedha.

Hapo ndipo hoja inaporudi nyumbani. Fedha za mihula hiyo mara nyingi zipo. Zimekwenda kwenye bati la nyumba ya babu, mchango wa harusi ya binamu na ada ya mtoto wa jirani aliyepewa cheo cha ndugu. Sisemi kusaidiana ni kosa; jamii isiyosaidiana imekufa. Nasema hatuwezi kuchukua saa za kijana kwa mkono wa kulia, kisha tukamnyooshea kidole kwa mkono wa kushoto kwamba hana saa za kusoma. Kila dola mia iliyoombwa kwa ujumbe wa simu ni zamu ya usiku, na zamu hiyo imetolewa katika muda wa kitabu.

Ukoo unaounda kamati ya harusi na kukusanya mamilioni kwa siku moja ya kula na kucheza unaweza kuunda kamati ya mihula miwili. Na ukishindwa kuchanga, kuna mchango usiogharimu kitu: kuacha kuomba kwa miezi hiyo kumi. Asiyeweza hata hilo basi anyamaze, amwache kijana asome masomo yake mawili kwa amani, na siku akivaa koti jeupe asije mbele ya wote kudai kuwa ndiye aliyemsomesha.